Watu wanne, usiku tisa Italia, na euro 120 kwa usiku

Swali: *Kaka, asalaam aleikum. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa muda mrefu twende Italia na watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 13, likizo ya Aprili. Tunataka kuona Roma, Florence na Venice kwa siku kumi. Kila nikitazama hoteli mtandaoni, bei zinanikata maini. Tukijikaza sana tunaweza euro 120 kwa usiku, sote wanne. Sisi ni Waislamu, na Kiitaliano hatukijui zaidi ya "ciao". Inawezekana, au tungoje? Tena viza inataka tuonyeshe tutakapolala: nilipe hoteli kabla sijajua kama viza nitapewa?* (Msomaji, Mombasa)

Wa alaikum salaam, dada. Msingoje. Euro 120 kwa watu wanne si nyingi, lakini zinatosha kama mtakubali kuanza na tarehe, kisha mji, kisha aina ya nyumba, halafu bei iwe ya mwisho. Wewe umeanza na bei, ndiyo maana maini yanakukatika. Mitandao ile ukiifungua bila mpango hukuonyesha kwanza wanachotaka kuuza.

Tarehe, basi. Aprili ya Italia ina mitego miwili. Wa kwanza ni Pasaka, ambayo huhama kila mwaka. Juma Kuu na siku zinazofuata Roma hujaa mahujaji, na chumba cha kawaida hupanda bei kikawa hakishikiki. Wa pili ni tarehe 25 Aprili, sikukuu yao ya ukombozi, ambayo Venice huwa pia siku ya Mtakatifu Marko. Waitaliano huiunganisha na Mei Mosi wakatawanyika kwenye miji ileile mnayoitaka nyinyi. Tafuteni siku kumi zisizogusa mitego hiyo. Na kama nauli nafuu ya ndege itawashusha Milano, msilale huko bila kutazama kalenda: Aprili kuna maonyesho makubwa ya fanicha, na wiki hiyo hata lojing ya nyota moja hujiona kasri. Verona nayo ina maonyesho ya mvinyo mwezi huohuo.

Siku za wiki pia zina uzito. Venice na Florence hupanda Ijumaa na Jumamosi kwa sababu ya watu wa mapumziko mafupi, kisha hushuka kuanzia Jumapili usiku. Kwa hiyo pangeni wikendi iwakute Roma, mji mkubwa unaomeza wageni wote, na Venice muifikie Jumanne au Jumatano. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, nitaifikia.

Siku kumi ni usiku tisa. Mimi ningelala Roma minne, Florence miwili, Padova mitatu. Umesoma sawa, Padova, si Venice. Msiongeze mji wa nne hata mkishawishiwa na picha za Pisa. Kila mkihama mnapoteza nusu siku na nauli ya watu wanne, na chumba cha usiku mmoja huwa ghali kuliko cha mitatu.

Sasa aina za nyumba, maana hapa ndipo pesa yenu itakapookolewa. Italia hoteli huitwa "albergo" na hupewa nyota moja hadi tano. Nyota hizo hupimwa kwa vitu: lifti, mapokezi ya saa ngapi, ukubwa wa chumba, simu. Usafi na ukarimu havimo. Kwa hiyo albergo ya nyota mbili inayoendeshwa na mama na mwanawe inaweza kuishinda kwa uzuri ile ya nyota nne ya kampuni. Neno "pensione" bado liko kwenye vibao vingi vya zamani, na kwa kawaida ni ghorofa moja ndani ya jengo la makazi, vyumba vichache, mwenyeji anaishi humohumo. "Affittacamere" ni mtu anayekodisha vyumba, karibu na gesti yetu ila bila mgahawa. "Ostello" ni hosteli, na usiikimbie kwa kudhani ni ya vijana wa mabegi peke yao: nyingi zina vyumba vya familia vyenye vitanda vinne na bafu ndani, mnafunga mlango wenu.

Halafu kuna nyumba za watawa, na hizi ndizo ninazokusukuma uzitazame kwa Roma. Mashirika ya kitawa yana majengo makubwa mjini humo, yaliyojengwa kwa wanovisi (watawa wanafunzi) na mahujaji, na leo sehemu yake hupokea wageni kwa jina la "casa per ferie". Hawaulizi dini. Mtakuta chumba cheupe, vitanda vya mtu mmoja mmoja, shuka zilizopigwa pasi, msalaba ukutani juu ya kitanda, na ukimya ambao hoteli za jirani hazina. Kama msalaba huo utamsumbua shemeji wakati wa swala, ni bora mlizungumze nyumbani mapema kuliko mkajadiliana pale mlangoni na mabegi mkononi. Wengi wa Waislamu ninaowafahamu waliolala huko hawakuona tatizo. Wanachokilalamikia ni saa ya kufunga geti: nyumba nyingi hufunga saa tano usiku, na sista hakusubiri. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minane hilo ni kama halipo. (Wasomaji Wakatoliki, nyinyi mna mlango wa ziada. Ulizeni parokiani. Wamisionari Wakonsolata walioingia Kenya mwaka 1902 na baadaye Tanganyika asili yao ni Torino, Wakomboni asili yao ni Verona, na mtawa aliyesoma Roma huwajua wenye nyumba za wageni kwa majina.)

Mkilala Roma, kaeni mahali penye metro au kituo cha basi, si lazima penye jina. Eneo la Termini, stesheni kuu, lina lojing nyingi kuliko mahali popote mjini. Watu hulisema vibaya, na ni kweli mitaa inayogusa stesheni yenyewe si ya kutembea usiku ukichezea simu. Lakini mkivuka kidogo kuelekea Esquilino, kando ya Piazza Vittorio, mtapata kitu ambacho hoteli za kando ya Vatikani haziwapi: soko la ndani linalouza nyama ya halali, bamia, mihogo na ndizi za kupika, na mitaa ya Wabangladeshi yenye biriani ya bei ya mtu wa kawaida. Familia isiyokula nguruwe wala mvinyo itapumua hapo. Metro A hupita papo hapo na kuwapeleka karibu na Vatikani bila kubadilisha. San Giovanni, kituo cha pili upande usio wa Vatikani, kumetulia zaidi. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, uko mbali kaskazini, hivyo wa kwenda Ijumaa atenge muda wa treni.

Hesabu ya kutoka uwanja wa ndege nayo ni sehemu ya bei ya chumba. Treni ya moja kwa moja kutoka Fiumicino hadi Termini ni euro 14 kwa mtu mzima. Teksi rasmi nyeupe zina nauli maalumu, euro 55 kwa gari zima, mradi mnakokwenda kuko ndani ya kuta za kale za Aureliani, na Termini na Esquilino ziko ndani. Kwa watu wanne wenye masanduku, teksi haipitwi mbali na treni. Anayekufuata ndani ya uwanja akinong'ona "taxi, taxi" si teksi.

Florence sitakuchosha nayo. Ni mji mdogo, unatembeleka wote kwa miguu, na usiku miwili haitoshi kuhalalisha kulala nje ya mji. Tafuteni upande wa stesheni ya Santa Maria Novella au ng'ambo ya mto Arno. Bei zikikataa kabisa, tramu ya kwenda Scandicci ina hoteli za kawaida kandokando, au Prato kwa treni ya mkoa, chini ya nusu saa. Ila kabla ya kufurahia chumba cha nje ya mji, zidisha nauli kwa watu na kwa kwenda na kurudi, kisha ujumlishe kwenye bei. Mara nyingi chumba "rahisi" huishia kuwa sawa na kile ulichokikataa.

Venice ndiyo yenye hadithi. Ndani ya kisiwa, euro 120 kwa watu wanne mwezi Aprili ni bahati nasibu. Watu wengi hukimbilia Mestre, upande wa bara, dakika kama kumi kwa treni, tiketi haifiki euro mbili. Si vibaya, ila Mestre ni mahali pa kulala tu. Padova ni nusu saa hivi kwa treni ya mkoa, na ni mji kamili wenye chuo kikuu, bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1545, kanisa dogo ambalo mchoraji wa kale Giotto alilichora ndani kuta zote, na uwanja mpana wa Prato della Valle ambapo watoto watapata nafasi ya kukimbia. Kwa kuwa ni mji wa Mtakatifu Antonio, una nyumba nyingi za mahujaji zilizozoea familia. Mnalala huko, mnaamka mapema, saa mbili na nusu mko Venice kabla ya umati, jioni mnarudi.

Kuna jambo moja la kulipima hapa. Tangu mwaka 2024 Venice hutoza ada ya kuingia wageni wa kutwa katika siku zilizotangazwa kati ya Aprili na Julai, hasa Ijumaa hadi Jumapili, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ni euro 5 ukilipa mapema, 10 ukichelewa. Anayelala ndani ya manispaa ya Venice, Mestre ikiwemo, halipi, ila lazima ajisajili mtandaoni kupata msamaha. Wa Padova analipa. Watoto walio chini ya miaka 14 wamesamehewa, kwa hiyo nyinyi mtalipa wawili tu. Na mkienda Jumanne au Jumatano ya kawaida, yamkini hamtalipa kabisa. Ndiyo sababu ya pili niliyokuahidi.

Tuje kwenye ile bei isiyoonekana. Karibu miji yote ya kitalii Italia hutoza kodi ya kulala, "tassa di soggiorno", kwa kila kichwa kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Unailipa mapokezi, na wengine huitaka taslimu. Roma, kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2023, ni euro 4 kwa hoteli ya nyota moja, 5 kwa nyota mbili, 6 kwa tatu, hadi 10 kwa tano, na watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Kwenu, watu watatu kwenye nyota tatu kwa usiku minne ni euro 72. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bei yenu ya usiku mmoja. Kwenye nyota moja ingekuwa 48. Kila mji una viwango na umri wake wa msamaha, hivyo ulizeni kila mara, na bei yenu ya kulinganisha iwe ile iliyokwisha kuongezwa kodi.

Lugha isikutishe. Malindi na Watamu hazikosi mtu anayeongea Kiitaliano cha kununulia na kuuzia, na kama una jamaa huko, simu yake moja kwa mwenye pensione ina nguvu kuliko barua pepe tatu. Usipompata, andika hivi, kwa tarehe zako:

"Buongiorno, siamo due adulti e due bambini di 8 e 13 anni. Cerchiamo una camera quadrupla con bagno in camera per quattro notti. Qual è il prezzo totale, tassa di soggiorno inclusa?"

Yaani: tuko wakubwa wawili na watoto wa miaka 8 na 13, tunataka chumba cha wanne chenye bafu ndani kwa usiku minne, na bei kamili pamoja na kodi ni ngapi. Zingatia "in camera". Tangazo likisema "bagno privato" peke yake, bafu ni lenu lakini linaweza kuwa ng'ambo ya korido, mkapishana na wageni mkiwa na taulo. "Bagno in comune" ni la kuchangia. "Matrimoniale" ni kitanda kikubwa kimoja, "doppia" kwa kawaida ni vitanda viwili. Na watoto msiwafiche. Kila chumba kina idadi ya watu iliyosajiliwa, na sheria inamlazimu mwenyeji kuwaripoti wageni wote polisi ndani ya saa 24 tangu wafike. Ndiyo maana ataomba pasipoti zenu zote mara mkiingia. Si kwamba anawashuku.

Bei ukishaipata mtandaoni, mwandikie mwenyeji moja kwa moja uone kama atakupunguzia. Nyumba ndogo hukatwa kamisheni nzito na mitandao ile, na wapo wanaopendelea kukupa wewe sehemu yake, au angalau chai ya asubuhi bure. Lakini mtu uliyemkuta kwenye mtandao akikuomba utume pesa zote kwa benki nje ya mtandao kabla hujafika, achana naye. Kwa nyumba na vyumba vya kukodi kuna kipimo kizuri siku hizi: tangu 1 Januari 2025 kila malazi ya watalii yanatakiwa yawe na namba ya utambulisho wa taifa, inayoitwa CIN, yenye herufi IT mwanzoni, iandikwe kwenye tangazo na ibandikwe mlangoni. Wizara yao ya utalii ina rejista unayoweza kuitafuta namba hiyo. Tangazo lisilo nayo, mimi silifungui mara ya pili hata picha zikiwa za peponi.

Viza, kwa kuwa umeiuliza kwa wasiwasi. Huhitaji kulipa hoteli kabla. Unahitaji nafasi ya kweli, yenye majina yenu wanne kama yalivyo kwenye pasipoti, inayofunika usiku wote tisa bila pengo. Chagua vyumba vinavyoruhusu kufuta bila malipo, na uhakikishe tarehe ya mwisho ya kufuta inaangukia baada ya siku unayotarajia jibu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida huamuliwa ndani ya siku 15, ila yanaweza kufika 45, kwa hiyo jipeni nafasi. Nyumba za watawa nyingi hazina mtandao wa kufuta kwa kubofya, lakini ukiwaomba barua ya uthibitisho yenye anwani na tarehe hukuandikia, na wengi hawadai malipo mpaka mfike. Yule kijana anayeuza "booking ya viza" kwa shilingi mia kadhaa, mpite tu. Maofisa hupiga simu hotelini, na nafasi ya bandia ikigundulika inaharibu viza hii na zijazo. Ada yenyewe ni euro 90 kwa kila mkubwa, na wa miaka 13 anahesabiwa mkubwa, na 45 kwa wa miaka 8: jumla 315. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Hizo ziwekeni kando na akiba ya malazi, zisije zikaila.

Mambo madogo ya chumbani sasa, ambayo picha hazisemi. Majengo ni ya zamani: tafuta neno "ascensore", lifti, kabla hujafurahia ghorofa ya nne, na ukumbuke ghorofa ya kwanza yao iko juu ya ile ya chini. Joto la vyumbani kwenye majengo huwashwa kwa kalenda ya serikali, na kwa Roma na Florence kikomo cha kawaida ni 15 Aprili. Mkiwa huko baada ya hapo na usiku ukawa wa baridi, huenda mwenyeji asiwashe, hivyo ombeni blanketi la pili na muwe na sweta, maana sisi watu wa pwani tunatetemeka mapema. Chai ya asubuhi ya gesti ni kroasanti tamu na kahawa, mayai msitegemee. Kama haimo kwenye bei, shukeni baa ya mtaani mnywe mkiwa mmesimama kaunta, kwani mkikaa mezani bei hubadilika. Na karibu kila bafu la Italia lina bidet, beseni la kujioshea, kando ya choo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1975 inaidai katika nyumba za kuishi. Kwa suala la kujitwaharisha mtakuwa nyumbani kuliko sehemu nyingi za Ulaya.

Nyumba za mashambani, "agriturismo", utaziona zikikuvutia: mkulima anapokea wageni, chakula cha shambani, bei ya kiungwana. Kwa safari hii sikushauri. Bila gari hazifikiki, basi la Jumapili ni la kuhesabu kwa kidole, na gari la kukodi litakuingiza kwenye mitaa ya katikati ya miji iliyofungwa kwa kamera, faini zikufuate hadi Mombasa.

Anza na Roma wiki hii. Peleka ule ujumbe kwa nyumba tano au sita, tatu za watawa na nyingine pensione za Esquilino na San Giovanni, kwa sababu chumba cha watu wanne ndicho adimu na masista hujibu kwa mwendo wao. Padova ifuate. Florence iwe ya mwisho, itafuata tarehe zilizobaki. Ikifika wiki mbili hujapata quadrupla, omba vyumba viwili vya "doppia" vilivyo jirani. Kwa masista tofauti ya bei huwa ndogo, na yule wa miaka 13 atakushukuru.